Kuandika historia ya mji mdogo wa kiwanda: Soledar ya Ukraine na Uvinza ya Kigoma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu, wanafunzi wa sekondari, vikundi vya vijana na yeyote wa Kigoma au Tabora anayetaka kuandika historia ya mji mdogo ulioota kando ya kiwanda. Mifano yetu ni miji miwili ya chumvi. Wa kwanza ni Soledar, mji wa watu kama elfu kumi ulioishi kwa kuchimba chumvi ya mwamba, mashariki ya Ukraine, karibu na mji wa Bakhmut. Wa pili ni Uvinza, pale mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, ambako chumvi hutoka chini ikiwa imeyeyuka ndani ya maji ya chemchemi.

Soledar tumeuweka mbele kwa sababu maisha yake yote yanaonekana: namna ulivyozaliwa, ulivyobadilishwa majina, ulivyobebwa mgongoni na shirika moja, na ulivyosimama mwaka 2022 vita vilipoufikia. Majeshi ya Urusi yaliuteka Januari 2023 ukiwa umebomolewa karibu wote na wakazi wake wametawanyika. Anayetaka kuandika habari za Soledar leo hana mtaa wa kutembea, na mzee wa kumuuliza lazima amtafute mji mwingine au nchi nyingine. Uvinza ina wazee wake, ina mabwawa yake, ina stesheni yake. Lakini reli ya SGR inajengwa kutoka Tabora kuja Kigoma, watu wanahama, majengo yanabomolewa, na makaratasi ya zamani yanaliwa na mchwa. Kazi hii ni ya sasa.

Kikundi cha watu wanne kinaweza kuimaliza kwa miezi minne hadi sita ya mwishoni mwa juma. Mahitaji ni simu mbili zenye nafasi, mizani ya jikoni, sufuria, rula ya meta moja, daftari kubwa la kurasa za mistari, penseli (si kalamu ya wino, hasa mbele ya nyaraka za zamani), na barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa. Msikose barua hiyo. Bila barua mtazuiwa mlangoni mwa kiwanda, stesheni na ofisi ya kata, na kila atakayewazuia atakuwa na haki.

Anzeni na malighafi na moto

Historia nyingi za miji ya viwanda huharibika kwenye ukurasa wa kwanza kwa sababu huanza na orodha ya wakurugenzi na wageni wa heshima waliokata utepe. Mji wa kiwanda haukuzaliwa na mkurugenzi. Ulizaliwa kwa sababu kitu fulani kilikuwa ardhini, kukawa na njia ya kukitoa, moto wa kukichakata na barabara ya kukipeleka sokoni. Andikeni maswali manne juu ya ukurasa: kitu gani, kinatolewaje, kwa nishati gani, kinakwenda wapi kwa njia gani? Kisha kila lilipobadilika jibu la swali mojawapo, pigeni mstari. Mistari hiyo ndiyo sura za kitabu chenu.

Tazameni Soledar na majirani zake. Katika karne ya 17 na 18 chumvi ya eneo lile ilitoka kwenye maziwa na visima vya maji chumvi, huko Tor (leo Sloviansk) na Bakhmut. Watu walichemsha maji hayo kwa kuni. Chumvi ilikuwa mali kubwa kiasi kwamba ugomvi wa nani amiliki mitambo ya Bakhmut, kati ya Kazaki (wapanda farasi wapiganaji) wa mto Don na kikosi cha Izium, uliwasha uasi wa kiongozi wa Kazaki, Kondraty Bulavin, mwaka 1707. Mwaka 1782 mitambo ya serikali ya Tor na Bakhmut ikafungwa. Misitu ilikuwa imekwisha, na chumvi ya Crimea, iliyokaushwa na jua, ilikuwa rahisi kuliko ile ya kuchemsha. Huo ni mstari wa kwanza, na haukupigwa na mfalme wala vita. Ulipigwa na bei ya kuni.

Mstari wa pili ulipigwa miaka ya 1870. Reli za makaa ya mawe zilifika Donbas, yaani eneo hilo la mashariki ya Ukraine, na visima vya uchunguzi vikagundua tabaka nene za chumvi ya mwamba, masalia ya bahari ya zamani sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 mgodi ukafunguliwa Briantsivka, pale palipo Soledar. Tangu hapo hapakuwa na haja ya kuchemsha chochote. Chumvi ilikatwa kama jiwe, ikapandishwa juu, ikapakiwa kwenye mabehewa. Mji wa Soledar umekua juu ya mstari huo.

Sasa rudini Uvinza na mfanye vivyo hivyo. Wanaakiolojia John Sutton na Andrew Roberts walichimba hapo miaka ya 1960, na vigae vya vyungu walivyokuta vinaonyesha kuwa chumvi ilikuwa ikitengenezwa Uvinza tangu kama karne ya 5 au ya 6. Karne ya 19 watu walikusanyika pale kila kiangazi, kwa sababu masika mito hufurika na kufunika chemchemi, kuni hulowa, na mikono yote inatakiwa shambani. Misafara ya kati ya Tabora na Ujiji ilipita na kubeba. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kampuni ya Kijerumani ikajenga mtambo, na mwaka 1914 reli ikafika Kigoma. Baada ya hapo wakaja Waingereza na kampuni ya Nyanza Salt Mines, kisha Uhuru, kisha mashirika ya umma, kisha ubinafsishaji. Angalieni mistari ilivyo mingi. Msiilazimishe ilingane kwa urefu. Miaka elfu moja na mia tatu ya vyungu inaweza kuchukua kurasa sita, na miaka 12 ya mwanzo wa reli ikachukua kumi, kwa sababu ndiyo yenye nyaraka.

Pimeni maji wenyewe

Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayowapa waandishi ufahamu wa mji kuliko nyingine yoyote. Ombeni ruhusa kiwandani mpate lita tatu za maji ya chemchemi. Pimeni kilo 1 kamili kwa mizani, si lita 1, maana maji yenye chumvi ni mazito kuliko maji matupu. Yachemsheni kwenye sufuria pana hadi yabaki kama uji, kisha punguzeni moto kabisa na mkoroge kwa mwiko wa mti. Mkiacha moto mkali mwishoni, chumvi huruka nje ya sufuria kwa mipasuko na hesabu yenu itapungua. Kausheni juani, pimeni. Mkipata gramu 100, nguvu ya maji ni asilimia 10. Rudieni mara tatu, mwandike matokeo yote, si lile linalopendeza. Kwa kulinganisha, maji ya bahari yana asilimia 3.5 hivi, na maji yaliyoshiba chumvi kabisa yana kama asilimia 26. Sufuria iwe ya chuma cha pua au enameli, maana ya alumini huliwa na chumvi.

Sasa fanyeni hesabu ya kuni. Kwenye moto wa mafiga, ambao hupoteza sehemu kubwa ya joto, kilo 1 ya kuni kavu hukausha maji karibu kilo 1, pungufu kidogo. Kwa maji ya asilimia 10, kilo 1 ya chumvi inadai mkaushe kilo 9 za maji, yaani kuni kilo 10 hivi. Kwa asilimia 20, maji ya kukausha ni kilo 4 tu na kuni hazifiki kilo 5. Kwa asilimia 5 ni maji kilo 19 na kuni zaidi ya kilo 20. Tanuru nzuri hupunguza hadi nusu. Sasa zidisheni: tani 1 ya chumvi kutoka kwenye maji ya asilimia 10 kwa moto wa mafiga ni tani 10 za kuni, lori zima la tani saba na karibu nusu ya lori jingine.

Baada ya hesabu hiyo mtaielewa Tor ya 1782 bila kuelezwa na mtu, na mtajua la kuuliza Uvinza: kuni zilitoka upande gani wa mji, nani alizikata, umbali wa kuzifuata uliongezeka lini, na lini jua na mabwawa ya kukaushia vilichukua nafasi ya tanuru. Anayejua Urambo na Tabora atakumbuka kwamba tumbaku nayo hukaushwa kwa kuni. Kama mnaandika historia ya mji wa tumbaku, hesabu ni hiyo hiyo, mnabadilisha tu kinachokaushwa.

Majina: tafuteni mji kwa kila jina ulilowahi kuitwa

Mtu anayetafuta «Soledar» kwenye nyaraka za 1970 hapati kitu. Wakati huo mji uliitwa Karlo-Libknekhtivsk, na jina Soledar limeanza 1991. Bakhmut uliitwa Artemivsk kuanzia 1924 hadi 2016, ndiyo maana shirika la chumvi liliitwa Artemsil hadi mwisho wa uchimbaji. Tena kila jina lina tahajia mbili, ya Kiukraini na ya Kirusi: Artemivsk na Artyomovsk ni mji mmoja. Tafuteni kwa herufi zao pia, Соледар na Бахмут, mtapata ramani na picha ambazo hazionekani kwa herufi zetu.

Kwetu shida ni ile ile. Wajerumani waliupa mtambo wa Uvinza jina la Gottorp, kwa hiyo ramani na ripoti za kabla ya 1916 zinasema «Saline Gottorp». Mwanafunzi anayetafuta Uvinza peke yake atasema Wajerumani hawakuandika chochote, na atakuwa amekosea. Tena Wilaya ya Uvinza imeundwa 2012. Nyaraka zote za kabla ya hapo zimo chini ya Kigoma, na za enzi ya Waingereza zimo pia chini ya Jimbo la Magharibi, lililokuwa na makao yake Tabora. Tengenezeni karatasi moja ya majina: jina, limetumika kuanzia lini hadi lini, nani alilitumia, tahajia zake. Ibandikeni ndani ya jalada la daftari.

Kuhusu mahali pa kutafuta: Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina mafaili ya Kijerumani na vitabu vya wilaya vya enzi ya Waingereza, ambavyo maofisa waliandika habari za kabila, masoko, mito na kodi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu ya Afrika Mashariki. Magazeti ya zamani ya Kiswahili ni hazina isiyoguswa: Mambo Leo, lililoanza 1923, lilichapisha barua na habari kutoka miji midogo, na Kipalapala hapo Tabora pana kiwanda cha uchapaji cha misheni kilichotoa maandishi mengi. Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji 1879 na waliweka shajara za kila kituo. Ramani za topografia za kipimo cha 1:50,000 zinapatikana kwa idara ya upimaji na ramani. Kabla ya kusafiri, andikeni barua mkitaja mada, miaka na majina yote ya mahali. Mtu anayefika na kusema «nataka historia ya Uvinza» atapewa faili moja. Anayefika na karatasi ya majina atapewa sita.

Vipimo, fedha na kalenda: hapa ndipo wengi huanguka

Msiandike «tani» kabla hamjajua ni tani ipi. Tani ya Kiingereza ni kilo 1,016, tani ya meta ni kilo 1,000. Wajerumani waliandika pia kwa Zentner, kilo 50. Ripoti za zamani za Bakhmut zinahesabu kwa pudi, kilo 16.38. Misafara yetu ilihesabu kwa frasila, ratili 35, karibu kilo 16. Pudi na frasila zinakaribiana, na kwa anayelinganisha mizigo ya miji hii miwili hilo ni jambo la raha, lakini si sawasawa. Badilisheni kila kimoja kivyake na muache kipimo cha asili pembeni.

Tarehe za Ukraine za kabla ya Februari 1918 ziko kwenye kalenda ya zamani. Karne ya 18 iko nyuma kwa siku 11, karne ya 19 kwa siku 12, karne ya 20 kwa siku 13. Mwaka wa fedha wa serikali ya Wajerumani ulianza 1 Aprili, kwa hiyo takwimu za «1912» katika ripoti zao zinaingia hadi Machi 1913. Fedha ilikuwa rupia wakati wa Wajerumani, shilingi ya Afrika Mashariki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha shilingi ya Tanzania 1966. Msibadilishe mshahara wa 1938 kuwa shilingi za leo. Hesabu hiyo haina maana. Andikeni mshahara ule ulinunua nini: debe ngapi za mahindi, doti ngapi za kanga.

Tarehe zikigongana, ziandikeni zote mbili na mseme ipi inatoka wapi. Hata siku Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji, ambayo vitabu vinaandika 10 Novemba 1871, inabishaniwa na wanaosoma shajara za wawili hao. Si aibu kwa kitabu chenu kuwa na tarehe mbili.

Sanduku la bati la mstaafu

Nyaraka bora za mji wa kiwanda haziko Dar es Salaam. Ziko chini ya kitanda, ndani ya sanduku la bati, zimefungwa kwa mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ubatizo. Nyingi hazina tarehe au tarehe imefutika. Vichwa vya karatasi vitawasaidia kukisia umri.

Kadi ya chama cha wafanyakazi ikisema NUTA, ni ya kati ya 1964 na 1978. Ikisema JUWATA, ni ya 1978 hadi 1991. Ikisema OTTU, ni baada ya hapo. Kadi ya uanachama wa TANU ni ya kabla ya Februari 1977, ya CCM ni baada yake. Kitabu cha NPF, mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi, hakiwezi kuwa cha kabla ya 1964. Kwa reli: «Tanganyika Railways» ni kabla ya 1948, jina la reli na bandari za Afrika Mashariki ni 1948 hadi 1969, likibaki reli peke yake bila bandari ni 1969 hadi 1977, Shirika la Reli Tanzania linaanza 1977. Gunia tupu la chumvi lenye maandishi ni nyaraka pia. Tazameni kama linataja madini joto: masharti ya kuchanganya madini joto kwenye chumvi yalishika katika miaka ya 1990, kwa sababu ya ugonjwa wa rovu, kwa hiyo gunia linalotaja ni la tangu wakati huo.

Pigeni picha karatasi papo hapo, mchana, kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi, rula ikiwa pembeni. Nyuma na mbele. Msiondoke na karatasi ya mtu hata mkiahidi kuirudisha kesho. Uaminifu wa mji mzima huvunjika kwa cheti kimoja kilichopotea. Msinyooshe kwa pasi wala msibandike kwa gundi ya plastiki, ambayo baada ya miaka michache hugeuka rangi na kula wino.

Mahojiano

Nendeni wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kuandika. Salamu kwanza, kisha habari za nyumbani, kisha shida yenu, kisha ruhusa ya kurekodi. Mkifika na simu imeshainuliwa, mzee atawajibu anavyojibu mgeni wa serikali. Wekeni simu kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa kilichokunjwa na si juu ya meza tupu, maana meza hubeba kila mguso. Sauti ya kawaida ya MP3 ya kilobiti 128 huchukua kama megabaiti 58 kwa saa. Saa moja ya sauti huhitaji saa nne hadi sita za kuiandika, basi msirekodi zaidi ya mnavyoweza kuandika juma hilo hilo. Rekodi zisizoandikwa huwa mzigo, na baada ya mwaka hakuna anayezisikiliza.

Swali baya ni: «Mzee, kiwanda kilianza lini?» Hakuwepo. Atawapa alichosikia, nanyi mtakiandika kama ushahidi. Ulizeni alichokishika:

«Shikamoo mzee.»

«Marahaba wanangu, karibuni.»

«Mzee, siku ya kwanza umeingia kazini, ulikabidhiwa kifaa gani?»

Hapo mtasikia koleo, reki ya kuvutia chumvi, toroli, shoka, au sindano ya kushonea magunia. Kifaa huleta mnyapara, mnyapara huleta shifti, shifti huleta king'ora, king'ora huleta kota na jirani wa kota. Ulizeni mikono ilipasuka vipi, miguu ilitunzwaje ndani ya maji ya chumvi, mabati yalidumu miaka mingapi kabla ya kutoboka. Chumvi hula chuma, zege na ngozi, na mji wa chumvi una namna zake za kupambana nayo. Zitafuteni.

Tarehe zipateni kwa nguzo za kumbukumbu. Kwa mkoa wetu nguzo nzuri ni Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, wakimbizi wa Burundi 1972, Operesheni Vijiji 1974, vita vya Kagera 1978 na 1979, wakimbizi wa Rwanda 1994, wakimbizi wa Kongo 1996, mvua za El Niño 1997 na 1998. «Ulipooa, vijiji vilikuwa vimeshahamishwa?» ni swali linalopata jibu sahihi kuliko «mwaka gani?».

Msiwahoji wanaume wa kiwandani peke yao. Nani alishona magunia? Nani aliuza uji na maandazi alfajiri kabla ya shifti? Nani alileta mgebuka na mawese kwa treni kutoka Kigoma? Waulizeni pia Waha na Wavinza ambao hawakwenda kiwandani bali walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga, maana uamuzi wao wa kuondoka unaeleza mshahara wa Uvinza kuliko ripoti ya kampuni. Na mzee mmoja akiwapa habari nzito, kama ajali au kufukuzwa kazi, isichapishwe mpaka wawili wengine wasiokaa nyumba moja naye wameisema. Majina ya watu waache wenyewe waamue.

Tembeeni mji kwa miguu

Chukueni ramani ya zamani na mwende asubuhi mapema. Anzeni kwenye chemchemi, si sokoni. Fuateni maji hadi mabwawa, mabwawa hadi ghala, ghala hadi njia ya treni, njia ya treni hadi kota. Mtiririko huo ndio mfupa wa mji, na nyumba zote zimejipanga juu yake. Pigeni picha kila jengo kutoka pembe mbili, na rula ya meta ikiwa imeegemezwa ukutani.

Angalieni ubavu wa reli, yaani ile sehemu nyembamba iliyosimama kati ya kichwa na kitako. Reli nyingi za zamani zina herufi zilizoinuka: jina la kiwanda cha chuma na mwaka. Pitisheni chaki juu ya herufi na zitasomeka. Lakini mwaka huo ni wa kuviringishwa chuma, si wa kulazwa reli. Vipande huhamishwa kutoka njia kuu kwenda njia za pembeni miaka mingi baadaye. Upana nao unaeleza: reli ya kati ya zamani ni milimita 1,000, SGR ni 1,435, na reli za Ukraine ni 1,520. Matofali yenye muhuri, vigae vya bati vyenye nembo na vifuniko vya chuma vya mifereji navyo vinasomeka hivyo hivyo. Kwenye eneo la reli, daraja na ndani ya kiwanda msipige picha bila ruhusa ya maandishi.

Tabia ya mji

Hapa ndipo waandishi wengi huishia kusema «watu wake ni wakarimu». Hiyo si tabia ya mji. Tabia ya mji wa kiwanda ni namna shirika moja linavyogusa maisha yasiyo ya kazi.

Soledar ulikuwa wa aina hiyo kamili. Artemsil ndiyo ilikuwa mwajiri, na chumvi yake ilijaza karibu meza zote za Ukraine. Chini, kwenye kina cha kama meta 300, mahandaki yalienda zaidi ya kilomita 200, hewa ikiwa kavu na joto lake halibadiliki kiangazi wala theluji ikianguka juu. Kwa hiyo wagonjwa wa pumu walilazwa chini kwa chini kuvuta hewa hiyo, na mwaka 2004 okestra ilipiga muziki ndani ya ukumbi uliochongwa kwenye chumvi, ikiongozwa na Mwaustria Kurt Schmid. Mahali pa kazi palikuwa pia hospitali, ukumbi na fahari ya mji. Uchimbaji uliposimama 2022, nchi nzima ilikosa chumvi dukani na ikalazimika kuagiza nje. Na pakiti ndogo za chumvi iliyobaki zikauzwa kuchangia ulinzi. Hayo ndiyo mambo ya kuandika chini ya neno tabia.

Kwa Uvinza ulizeni hivi: zahanati ilikuwa ya nani? Umeme ulitoka kwenye jenereta ya nani, ukizimwa saa ngapi? Timu ya mpira ilinunuliwa jezi na nani? Shule ilijengwa na nani, na mtoto wa kibarua alikaa darasa moja na mtoto wa meneja? Siku ya mshahara soko lilifika wapi? Treni ikichelewa, nini kilikosekana? Chumvi ilikwenda wapi: kwa wavuvi wa ziwa wa kukausha samaki, Burundi, Kongo? Ulizeni kiwanda kiliposimama, hata kwa miezi mitatu, nani alifunga duka kwanza. Jibu la swali hilo la mwisho litawapa ramani ya uchumi wa mji.

Kuandika na kuhifadhi

Andikeni kurasa 30 hadi 40, si 200. Kila sura ianze na badiliko mojawapo la yale maswali manne. Kila habari iwe na alama: N kwa nyaraka, M kwa mahojiano, T kwa tulichokiona au kukipima. Mkikuta ukurasa mzima una M tupu, rudini kwenye nyaraka. Ukiwa na N tupu, rudini kwa wazee. Historia ya kampuni isimeze historia ya mji. Dalili ni rahisi: hesabuni majina ya mameneja na majina ya wakazi. Mameneja wakizidi, bado hamjamaliza.

Kabla ya kuchapisha, someni rasimu kwa sauti mbele ya wazee watano au sita mliowahoji, sura moja kwa kikao kimoja. Watasahihisha majina ya milima, mito na ukoo ambayo hakuna maktaba ingewasahihishia. Kaeni kimya wanapobishana wenyewe kwa wenyewe, na simu iwe inarekodi, kwa ruhusa yao.

Mafaili yapewe majina yanayoanza na tarehe: mwaka, mwezi, siku, mahali, jina la anayezungumza au namba yake kama hataki jina. Nyaraka zikiskaniwa ziwe dpi (nukta kwa inchi) 300, picha za zamani dpi 600. Wekeni nakala tatu: moja kwenye diski, moja mtandaoni, moja nje ya mji kabisa, kwa mfano Tabora kama mnaishi Uvinza. Nakala za karatasi zipelekeni maktaba ya shule, ofisi ya halmashauri na kwa kila mzee aliyehojiwa, kwa mkono, si kwa kutumiwa. Juu ya jalada andikeni namba ya toleo na mwezi wake, na mwisho wa kitabu acheni kurasa nne tupu zenye kichwa «Masahihisho», pamoja na jina la shule au ofisi ambako msomaji atapeleka alichoona kimekosewa.